Nani amewahesabu wagonjwa wa Crohn wa Kitale na Bungoma?

Ukimwomba mwalimu yeyote wa Kitale au wa Bungoma akutajie magonjwa ya tumbo ayajuayo, hatahitaji muda wa kufikiri. Atataja kipindupindu, homa ya matumbo ambayo sote tumezoea kuiita taifodi, ameba, minyoo, vidonda vya tumbo, kidole tumbo, na bawasiri endapo watoto hawako karibu. Kuna ugonjwa mmoja ambao hatautaja, nao ni ugonjwa wa Crohn. Kukosekana kwake katika orodha hiyo si jambo dogo. Orodha ya mwalimu aghalabu ndiyo orodha ya mzazi, na orodha ya mzazi haitofautiani sana na ile ya mhudumu wa zahanati. Na kutoka zahanati ndiko zinakotoka takwimu ambazo serikali huzitumia kununulia dawa na kuajiri madaktari.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu, na ninaingia katika uwanja huu kwa mlango wa istilahi, mlango ambao madaktari wenyewe huupita mbio. Lakini kabla ya kusema lolote kuhusu hesabu, yafaa tujue tunahesabu nini.

Ugonjwa wa Crohn ni mchochota wa kudumu unaoweza kushika mahali popote katika njia ya chakula, kuanzia kinywani hadi kwenye tundu la haja kubwa, ingawa hupendelea zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapokutana na utumbo mpana. Mgonjwa huumwa na tumbo, huhara kwa majuma na miezi, hukonda, hupungukiwa na damu, na hupatwa na homa zisizoeleweka zitokako. Mtoto anaweza kudumaa na kuchelewa kubaleghe. Utumbo wenyewe hufanya vidonda, hukaza, huziba, na wakati mwingine hutoboka ukatengeneza nasuri, yaani njia isiyo ya maumbile kati ya kiungo na kiungo au kati ya utumbo na ngozi. Hauambukizi. Hauna dawa ya kuumaliza, ila una dawa za kuutuliza, na mgonjwa anaweza kuishi nao miaka mingi. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 35. Msomaji uliye mwanafunzi, huo ndio umri wako. Nawe uliye mwalimu, huo ndio umri wa darasa lako.

Jina lenyewe lina kisa kinachostahili kusimuliwa. Mnamo Mei 1932, Burrill Crohn, daktari wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa Marekani huko New Orleans akaeleza habari za wagonjwa wake. Jina alilokuwa ameupa ugonjwa huo lilikuwa na neno lenye maana ya "wa mwisho", kwa kuwa ulishika mwisho wa utumbo mwembamba. Daktari mwingine, J. Arnold Bargen, akatoa onyo la busara: mgonjwa akisikia neno hilo ataelewa kwamba yeye mwenyewe amefika mwisho wake. Basi makala yalipochapishwa mwaka huohuo, yakieleza habari za wagonjwa 14, neno lilikuwa limebadilishwa likawa lenye maana ya "wa sehemu". (Namhurumia mfasiri atakayekutana na istilahi hiyo bila kujua kisa chake, kwani anaweza kabisa kuuita ugonjwa wa kimkoa.) Waandishi walikuwa watatu, Crohn, Ginzburg na Oppenheimer, na majina yao yalipangwa kwa mfuatano wa alfabeti. Ndivyo jina la Crohn lilivyobaki na ya wengine yakasahaulika. Waama, daktari mpasuaji wa Glasgow aitwaye Dalziel alikuwa ameeleza hali kama hiyohiyo mwaka wa 1913, akaifananisha na ugonjwa fulani wa matumbo wa ng'ombe. Lakini maelezo yake hayakushika, na wagonjwa wa miaka 19 iliyofuata wakazikwa chini ya majina mengine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu. Wagonjwa walikuwapo kabla ya 1932. Lililokosekana ni neno ambalo daktari wa Chicago na daktari wa Cardiff wangeweza kuliandika katika faili wakiwa na maana moja. Neno lilipopatikana, hesabu ikawezekana. Na hesabu ilipowezekana, watu wakaanza kuona mambo ambayo hakuna daktari mmoja angeweza kuyaona akiwa peke yake katika chumba chake.

Mfano ulio maarufu kupita yote ni wa wilaya ya Olmsted katika jimbo la Minnesota, Marekani. Huko wataalamu waliweza kurudi nyuma hadi mwaka wa 1940 na kufuatilia wakazi wa mahali pamoja kwa zaidi ya nusu karne. Walipohesabu waliokuwa wakiishi na ugonjwa wa Crohn mwaka wa 1991, walipata kama watu 144 katika kila wakazi 100,000. Mwaka wa 2001 wakapata 174. Mwaka wa 2011 wakapata takriban 247. Ni watu wa mahali palepale, kwa miaka 20 tu.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kuna kosa la lugha ambalo magazeti yetu hulifanya kila siku, nalo huharibu fikra. Tunasema "ugonjwa umeenea" tukiwa na maana mbili zisizolingana. Maana ya kwanza ni idadi ya watu wapya wanaoupata ugonjwa kila mwaka. Maana ya pili ni idadi ya watu wote walio nao kwa wakati mmoja. Chukua mfano wa tangi la maji ya mvua lililo pembeni ya darasa. Maji yanayoingia kutoka kwenye mfereji wa bati ni jambo moja, maji yaliyomo ndani ya tangi ni jambo jingine. Ugonjwa kama kipindupindu huingia kwa kishindo na kutoka upesi, ama kwa kupona ama kwa kufa, kwa hiyo tangi halijai. Ugonjwa wa Crohn huingia tone kwa tone, lakini bomba la kutolea maji karibu limefungwa: mgonjwa hupata ugonjwa akiwa kijana, haponi, na wala hafi upesi. Kwa hiyo hata kama wagonjwa wapya hawaongezeki, waliopo wataongezeka mwaka baada ya mwaka. Sehemu kubwa ya kupanda kule kwa Olmsted kunaelezeka hivyo. Istilahi tunazo: tunaweza kusema kiwango cha matukio mapya na kiwango cha uenezi. Tatizo ni kwamba hatuzitumii.

Sasa turudi nyumbani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale. Jumla ni 2,660,911. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hili asubuhi ya leo. Ikiwa katika kila watu 100,000 yumo mgonjwa mmoja tu, basi kaunti hizi mbili zina wagonjwa wasiozidi 27, na wote wanaweza kuketi katika matatu mbili. Ikiwa wamo kumi, wagonjwa ni 266. Na kama tungekuwa na kiwango kama cha Olmsted cha mwaka wa 2011, wangekuwa zaidi ya 6,500. Kati ya 27 na 6,500 kuna pengo ambalo mpangaji wa huduma za afya hawezi kulifumbia macho. Kwa 27 hahitaji kitu zaidi ya gari la kuwapeleka Eldoret. Kwa 266 anahitaji mtaalamu na dawa za kudumu. Kwa 6,500 anahitaji wadi.

Mimi binafsi siamini hata kidogo kwamba tuko karibu na 6,500. Takriban nusu ya Wakenya waliohesabiwa mwaka wa 2019 walikuwa chini ya umri wa miaka 20, na tangi letu lingekuwa halijapata muda wa kujaa hata kama mvua ingekuwa imeanza. Kulinganisha taifa la vijana na wilaya yenye wazee wengi bila kurekebisha umri ni kulinganisha mche na mti. Lakini pia siamini kwamba ni 27. Na kutoamini, kwangu mimi au kwa mwingine yeyote, si takwimu.

Imani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu ina historia ndefu katika sehemu hizi, na haki yake lazima ipewe. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 na kuwa maarufu kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, alikuwa mtu wa kuhesabu. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu wakasafiri takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali kama saratani ile ilikuwapo. Baadaye, akiwa London, alizitumia hospitali za mashambani za Afrika fomu za maswali kuhusu magonjwa mengine ya tumbo. Majibu yalimshangaza: kidole tumbo kilikuwa adimu, na magonjwa ya utumbo mpana yaliyokuwa yakijaza wadi za Uingereza hayakuonekana. Hakuona haya kupima hata kinyesi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1972, kinyesi cha mwanakijiji wa Uganda kwa siku kilizidi kwa zaidi ya mara nne uzito wa kile cha wanamaji wa Uingereza. Kutokana na hayo yeye na Hugh Trowell, daktari aliyefika Kenya mwaka wa 1929 kabla ya kuhamia Uganda, wakajenga nadharia kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hukinga matumbo.

Kazi hiyo ilikuwa ya maana na sitaidharau. Hata hivyo ina udhaifu ambao mwanafunzi wa utafiti anapaswa kuuona. Mgonjwa ambaye hakufika hospitalini hakuonekana kwenye fomu. Mgonjwa aliyefika akapewa jina jingine, hakuonekana vilevile. Na zaidi ya yote, jibu la miaka ya 1960 halikuwa jibu la milele. Mwaka wa 1956 Trowell na mwenzake Singh walichapisha katika jarida la East African Medical Journal habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu mgonjwa mmoja wa aina hiyo alikuwa kioja kinachostahili kuchapishwa. Shinikizo la damu nalo lilihesabiwa kuwa jambo geni kwa wanavijiji wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta takriban Mkenya mmoja katika kila watu wazima wanne akiwa na shinikizo la juu. Neno "nadra" lililoandikwa na mtu mwaminifu katika wakati wake liligeuka kuwa pazia kwa waliomfuata.

Nani basi anayejificha nyuma ya pazia hilo leo? Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, kijana hodari kutoka upande wa Bungoma, aliyekosa mihadhara mingi kiasi cha kunitia shaka. Nilipomwita aje anieleze, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi nimeugua taifodi mara saba." Kisha akafungua mkoba, akanitolea madaftari matatu ya zahanati, yale ya kurasa 32 ambayo mgonjwa hujinunulia dukani kabla ya kumwona daktari. Taifodi, ameba, taifodi na malaria, vidonda vya tumbo, taifodi tena. Katika daftari la tatu alikuwa amepewa dawa za kifua kikuu cha tumbo kwa miezi sita. Alipata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi. Hatimaye alipopimwa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, kipimo ambacho madaktari hukiita kolonoskopi, na kipande cha utumbo kikatazamwa chini ya hadubini, aliambiwa ana ugonjwa wa Crohn. Kutoka daftari la kwanza hadi jibu hilo ilikuwa miaka minne.

Sisemi kwamba waliomhudumia walikuwa wazembe. Kifua kikuu cha tumbo hupenda mahali palepale ambapo ugonjwa wa Crohn hupapenda, pale penye makutano ya matumbo mawili. Dalili ni zilezile, na hata hadubini huweza kudanganywa. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, daktari anayeanza na kifua kikuu anafuata akili. Na kosa la upande wa pili ni baya zaidi: dawa za kutuliza ugonjwa wa Crohn hupunguza nguvu za kinga ya mwili, na zikipewa mtu ambaye kweli ana kifua kikuu huweza kumwangamiza. Taifodi ni habari nyingine. Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka wa 1896, na katika eneo ambalo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya aina hiyo, jibu moja la "ndiyo" halithibitishi kitu. Lakini ni rahisi, ni cha haraka, na kinampa mgonjwa neno la kwenda nalo nyumbani. Sisi binadamu hatupendi kurudi nyumbani mikono mitupu, bila hata jina.

Na lugha yetu hapa haitusaidii sana, ingawa si kwa umaskini wake. Neno "tumbo" kwa Mswahili ni ghala: ndani yake mna mfuko wa chakula, utumbo, hata mji wa mimba. Mtu akisema "tumbo linanikata", hujui ni wapi. Tuna "chango", neno ambalo kwa wengine ni minyoo na kwa wengine ni maumivu yenyewe. Tuna "safura", tuna "kuhara damu". Tunalo pia neno zuri sana la "nasuri", ambalo watu wa pwani walilipokea kutoka Kiarabu zamani, na ambalo leo limeanza kusukumwa nje na "fistula" kwa sababu ya kampeni za afya ya uzazi. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalobeba wazo la mchochota wa kudumu wa utumbo usiosababishwa na kijidudu kinachojulikana. Wazo hilo ni gumu kueleza kwa mgonjwa katika lugha yoyote. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba ugonjwa wa tumbo hutoka kwenye mikono michafu na maji machafu. Sasa yatubidi tumwambie kijana kwamba amenawa mikono, amechemsha maji, na bado mwili wake mwenyewe unaushambulia utumbo wake. Mwanafunzi wangu alisema mama yake alilia kwa aibu, akidhani watu watasema jiko lake ni chafu.

Narudi kwenye yale madaftari, kwa sababu nadhani kiini cha jambo kiko humo. Watu hudhani kwamba Olmsted walifanikiwa kuhesabu kwa sababu ya utajiri na mitambo. Utajiri wanao. Lakini jambo lililowezesha hesabu yao lilianza mwaka wa 1907, pale Henry Plummer wa Mayo Clinic alipoamua kwamba kila mgonjwa awe na faili moja tu, lenye nambari moja, na kila daktari atakayemwona aandike ndani ya faili hilohilo, nalo libaki hospitalini. Hilo tu. Mwaka wa 1966 wataalamu walipoanza kuunganisha kumbukumbu za wilaya nzima, walikuta mafaili ya miongo yakiwasubiri. Sisi tumemkabidhi mgonjwa daftari. Akienda zahanati ya Kiminini leo ana daftari moja. Akienda Webuye mwezi ujao amelisahau nyumbani, ananunua jingine. Mvua ikinyesha, mtoto akilichora, historia yake imekwisha. Kijana mwenye magonjwa saba ya taifodi angetambuliwa katika mwaka wa pili kama ziara zake zote zingekuwa katika karatasi moja mbele ya macho ya mtu mmoja.

Kuna dalili kwamba muda wa kuhesabu ni huu, kabla mvua haijakolea. Uchunguzi mkubwa wa dunia uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba katika nchi nyingi za Magharibi kasi ya wagonjwa wapya wa magonjwa ya mchochota wa utumbo imetulia, ilhali tangu mwaka wa 1990 imekuwa ikipanda katika nchi zinazoingia katika maisha ya viwanda huko Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Sababu kamili ni mseto. Urithi upo: mwaka wa 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza inayohusishwa na ugonjwa huu, NOD2, lakini mabadiliko yake yanayowapata Wazungu ni adimu sana kwa Waafrika, kwa hiyo hayawezi kutueleza sisi. Mazingira yapo, tena kwa nguvu. Huko Kanada, watoto waliozaliwa na wahamiaji kutoka Asia ya Kusini walikutwa na hatari ya kuugua inayolingana na ya watoto wa wenyeji, ingawa wazazi wao walikuwa nayo kidogo tu. Damu ni ileile, kilichobadilika ni maisha. Uvutaji wa sigara huongeza hatari. Dawa za kuua bakteria anazopewa mtoto mara kwa mara zinahusishwa nayo, na vivyo hivyo vyakula vilivyosindikwa sana; kunyonya maziwa ya mama huonekana kukinga.

Msomaji wa Kitale na Bungoma atazame meza yake mwenyewe. Ugali wa wimbi na mtama umewapisha sima nyeupe, kisha chapati na mkate. Mrenda na kunde hupikwa bado, alhamdulillahi, lakini soda imekuwa kinywaji cha mgeni. Na dawa za kuua bakteria huuzwa madukani kama peremende, nyingi kwa ajili ya ile taifodi tuliyoizungumzia. Sisemi kwamba haya yameleta ugonjwa wa Crohn katika kaunti hizi. Nasema kwamba mtu anayetaka kujua kama yataleta, lazima aanze kuhesabu kabla, maana asiyejua tangi lilikuwa na kiasi gani jana hawezi kusema leo limeongezeka.

Na ole wetu tukianza kuhesabu bila uangalifu. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019 watu wa kaunti hizi mbili waliongezeka kutoka 2,193,820 hadi 2,660,911, yaani kwa zaidi ya moja ya tano. Idadi ya wagonjwa ingepanda kwa kiasi hichohicho hata kama kiwango hakikusogea. Siku kipimo cha kolonoskopi kitakapokuwa cha kawaida katika hospitali za kaunti, wagonjwa watafumuka ghafla, na magazeti yataandika kwa herufi kubwa kwamba kuna janga jipya. Litakuwa si janga, bali ni taa iliyowashwa katika chumba kilichokuwa na watu siku zote. Kutofautisha mambo hayo matatu, ongezeko la ugonjwa, ongezeko la watu na ongezeko la kuonekana, ni kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuielewa akifundishwa.

Nimekwisha kusikia pingamizi: malaria inaua Bungoma, akina mama wanafariki wakijifungua, nawe unatuletea ugonjwa wa watu wachache wenye jina la daktari wa New York? Pingamizi hili lina uzito, nami nisingetaka shilingi moja ihamishwe kutoka kwenye malaria. Lakini lingekuwa na uzito zaidi kama wagonjwa hawa wasingekuwa tayari wanatugharimu. Taifodi saba za kijana mmoja zililipiwa mara saba. Dawa za kifua kikuu za miezi sita zilitolewa na umma. Mwaka mmoja wa chuo ulipotea. Tayari tunalipa, ila tunalipa chini ya jina la uongo.

Tena, hatuanzi kutoka sifuri. Eldoret, ambako wagonjwa wengi wa kaunti hizi wenye matatizo magumu hupelekwa, ina rejista ya saratani iliyoanzishwa mwaka wa 1999. Waliokubali kuandika saratani kwa utaratibu wanaweza kuonyesha njia ya kuandika mchochota wa utumbo. Huko Webuye, mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake walianzisha mpango wa kufuatilia wakazi nyumba kwa nyumba, waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Idadi ya watu wa chini ya mstari, ile ambayo bila yake hakuna kiwango, inaweza kupatikana mahali kama hapo. Idadi ya juu ya mstari ndiyo tunayoikosa. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, na wanafunzi wake wa takwimu na wa lugha wanahitaji mada za tasnifu.

Walimu nao wana sehemu yao, na haihitaji hata senti. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne katika kipindi kimoja huchekwa, na mara nyingi mwalimu humwona mtoro. Akiwa anakonda, akiwa amebaki mfupi huku wenzake wakirefuka, akiwa amerudi kutoka zahanati na taifodi ya tatu katika mwaka mmoja, mwalimu wa zamu anaweza kuandika barua ya mistari mitano kwa mzazi: mtoto huyu amehara kwa muda gani, amepungua kilo ngapi, ametibiwa nini na mara ngapi, naomba apelekwe hospitali kubwa akaonwe na daktari wa matumbo. Barua hiyo mzazi aipige pini ndani ya daftari, ukurasa wa kwanza, ili daktari wa Kitale na wa Eldoret waisome kabla ya kuuliza swali lolote.